Msuluhishi au Hakimu: Migogoro ya Mikataba Kusini mwa Pwani

Karibu kila mkataba wa maana unaotiwa saini Diani, katika kaunti ya Kwale, uwe wa kujenga nyumba ya wageni, wa kuendesha hoteli au wa kuleta mawe na saruji, una kifungu fulani kurasa za mwisho ambacho husomwa kwa haraka au hakisomwi kabisa. Kifungu hicho husema kwamba mgogoro ukizuka, pande zote zitakwenda kwa msuluhishi. Bwawa la kuogelea linapopasuka, au mkandarasi anapoondoa mafundi wake paa likiwa nusu, ndipo karatasi hutafutwa kabatini, na kila mtu huja na tafsiri yake. Mmoja anasema usuluhishi ni kikao cha wazee, mtu akitoka pale bado ana haki ya kushtaki. Mwingine anasema kifungu hakina uzito kwa kuwa hakuna karatasi inayoweza kumzuia Mkenya kwenda mahakamani. Wa tatu anasema usuluhishi ni wa haraka na rahisi, mahakama ni ya polepole na ghali.

Wa kwanza amekosea, wa pili amekosea kwa kiasi kikubwa. Wa tatu ndiye wa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu anachosema hurudiwa sana na mawakili wenyewe, na ukweli wake unategemea kitu ambacho kauli yenyewe haikitaji: aina ya mkataba, na mahali mali ya kukamatwa ilipo.

Sheria inavyosimama

Mpatanishi na msuluhishi wasichanganywe. Mpatanishi hukaa na pande mbili na kuwasaidia waelewane. Wasipoelewana, hana la kuwalazimisha. Msuluhishi ni jaji wa kukodi. Anasikiliza mashahidi, anapokea nyaraka, anaandika uamuzi, na uamuzi huo unawafunga waliomteua wapende wasipende.

Nguvu hiyo inatoka katika Sheria ya Usuluhishi ya 1995, iliyofuata kielelezo cha Umoja wa Mataifa cha 1985 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inaziagiza mahakama zihimize njia mbadala za kutatua migogoro, usuluhishi ukiwa mmojawapo. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinaiambia mahakama isiingilie ila pale sheria yenyewe inapomruhusu jaji. Mianya iliyoachwa si mingi. Mahakama Kuu inaweza kutoa zuio la muda ili mali isiuzwe wakati shauri linasubiri. Inaweza kutengua uamuzi wa msuluhishi kwa sababu chache zilizotajwa, na mlalamishi sharti awasilishe ombi hilo ndani ya miezi mitatu tangu aupokee. Na ndiyo inayoupa uamuzi huo meno, kwa sababu msuluhishi hana dalali wala polisi.

Kifungu cha 6 ndicho kimewaponza wengi. Mtu aliyeshtakiwa mahakamani ilhali mkataba wake una kifungu cha usuluhishi anaweza kuomba kesi isimamishwe ili mgogoro uende kwa msuluhishi. Lakini ombi hilo halisubiri: sharti lije pale pale anapojitokeza mahakamani kwa mara ya kwanza kujibu mashtaka. Akiwasilisha utetezi kwanza, kisha akakumbuka kifungu baada ya mwezi, amechelewa. Mahakama itamwona kama aliyekubali kuhukumiwa hapo, na kesi itaendelea. Kwa hiyo yule mtu wa pili, anayesema kifungu hakina uzito, wakati mwingine hutokea akawa sawa kwa bahati tu, kwa kuwa mpinzani wake alizembea.

Wanaotetea usuluhishi

Hoja yao iliyo imara kabisa ni ujuzi. Chukua mkataba wa ujenzi. Wasanifu wengi nchini hutumia fomu ya mwaka 1999 ya Joint Building Council, na kifungu chake cha 45 kinapeleka migogoro kwa msuluhishi. Pande zikishindwa kukubaliana juu ya jina, mwenyekiti wa chama cha kitaaluma, kama kile cha wasanifu majengo, huombwa ateue. Swali la kama ufa ukutani umetokana na msingi duni, na chumvi iliyo katika mchanga wa ufuoni, au na ramani ya mhandisi, litajibiwa upesi zaidi na msuluhishi aliyewahi kusimamia majengo kuliko na hakimu ambaye asubuhi hiyo hiyo amesikiliza kesi ya wizi wa nazi na ya ajali ya bodaboda.

Fomu hiyo hiyo, hata hivyo, ina mtego wake. Inataka notisi ya mgogoro itolewe ndani ya siku 90 tangu jambo litokee au ligunduliwe. Mwenye nyumba anayeishi ng'ambo na kuja Diani mara moja kwa mwaka, akaona nyufa, akarudi kwao na kuendelea kumbembeleza mkandarasi kwa simu, anaweza kuzimaliza siku hizo bila kuandika lolote rasmi. Sheria ya jumla humpa mdai wa mkataba miaka 6 kufungua kesi. Mkataba wake umempa miezi mitatu.

Hoja ya pili ni faragha. Hukumu za mahakama kuu nchini huchapishwa mtandaoni na mtu yeyote huzisoma bure. Hoteli inayogombana na kampuni inayoiendesha haifurahii mawakala wa utalii wasome kwamba jenereta lilikuwa bovu au kwamba mishahara ilicheleweshwa. Kwa msuluhishi, mambo hayo hubaki chumbani, angalau mpaka mmoja aikimbilie Mahakama Kuu kupinga uamuzi. Hapo hadithi yote huingia katika hukumu na kusomwa kama nyingine.

Ya tatu ndiyo inayogusa hasa kusini mwa Pwani, na husemwa kwa nadra. Wawekezaji wengi wa Diani ni Wajerumani, Waitaliano na Waswisi. Kenya ina sheria ya kutambua hukumu za mahakama za nje kwa msingi wa nipe nikupe, na nchi zilizoorodheshwa humo ni chache: Uingereza, Australia, Tanzania, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi na Ushelisheli. Ujerumani, Italia na Uswisi hazimo. Mkandarasi wa Ukunda aliyeshinda kesi hapa dhidi ya mtu aliyekwisha hama na fedha zake kwenda Munich hana utaratibu wa nipe nikupe wa kumbeba. Ana hukumu nzuri na safari ndefu. Uamuzi wa msuluhishi una barabara pana zaidi. Mkataba wa New York wa 1958, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1989, unazilazimu nchi wanachama, zaidi ya 160, kutambua maamuzi ya usuluhishi ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache.

Udhaifu wa njia hii unaanzia mfukoni. Hakimu hulipwa na serikali. Msuluhishi hulipwa na wanaogombana, pamoja na ukumbi, nauli na mchapaji wa kumbukumbu. Wasuluhishi wenye uzoefu wengi wanaishi Nairobi na Mombasa. Huomba amana kabla ya kuanza, na mdaiwa akikataa kutoa sehemu yake, mdai hulazimika kulipa zote mbili ili shauri lisilale. Tena sheria inamruhusu msuluhishi kuuzuia uamuzi wake hadi ada itakapolipwa yote. Kwa mgogoro wa shilingi laki sita, gharama hizo zinaweza kula deni lenyewe.

Kisha kuna suala la mwisho wa shauri. Sheria inasema uamuzi wa msuluhishi ni wa mwisho. Kesi ya Synergy dhidi ya Cape Holdings, juu ya ununuzi wa jengo la ofisi Nairobi, inaonyesha jinsi mwisho unavyoweza kuahirishwa. Msuluhishi aliamua mwaka 2015. Mahakama Kuu ikautengua uamuzi mwaka 2016. Pakazuka swali kama rufaa inaruhusiwa hata kidogo, na mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu, katika shauri hilo na katika lile la Nyutu dhidi ya Airtel, ikasema rufaa ipo lakini kwa nadra, pale Mahakama Kuu inapotoka nje ya mipaka yake na kukosea waziwazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaurudisha uamuzi wa msuluhishi. Aliyeshinda 2015 alithibitishiwa ushindi baada ya miaka mitano. Nani basi atasema kwa kinywa kipana kwamba usuluhishi ni wa haraka? Ni wa haraka mshindwa akikubali. Mwenye fedha za kulipa mawakili na sababu ya kuchelewesha, atachelewesha kokote.

Wanaotetea mahakama

Upande huu huonekana wa kizamani, lakini una mambo ambayo msuluhishi hawezi kuyafanya kamwe. Mamlaka yake yanaishia kwa waliotia saini. Mkandarasi mkuu akiwa na kifungu cha usuluhishi na fundi wa umeme akiwa hana, mwenye nyumba hujikuta na mashauri mawili juu ya moto mmoja: moja kwa msuluhishi, jingine kortini, na majibu yanaweza kupingana. Mahakama huwaunganisha wote katika kesi moja, benki, bima na msajili wa ardhi wakiwemo. Inaweza kumwita shahidi kwa lazima na kumfunga anayekaidi amri.

Vilevile hukumu ya mahakama hufundisha wengine. Kama kila mgogoro wa arbuni ya kiwanja ungeishia faraghani, wanunuzi wa kesho wasingejua sheria imesimama wapi. Hili ni la jamii zaidi kuliko la mdai mmoja, naye mdai hana wajibu wa kulipia elimu ya majirani. Hata hivyo lina uzito katika eneo ambalo makosa yale yale hurudiwa na wageni wapya kila msimu.

Kasoro za mahakama zinajulikana na sina haja ya kuzikariri: kuahirishwa, faili kupotea, hakimu kuhamishwa kesi ikiwa katikati. Uwasilishaji wa nyaraka kwa mtandao na vikao vya video vimepunguza safari za kuvuka kivuko cha Likoni, si zaidi ya hapo. Lakini lipo jambo ambalo wanaoisema mahakama vibaya hulisahau: mahakama si moja. Chini ya sheria ya 2015, hakimu mkuu husikiliza madai hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo sehemu kubwa ya mikataba ya kawaida ya Kwale haihitaji kufika Mahakama Kuu. Kwale mjini na Msambweni kuna mahakama za mahakimu. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, iliyoanza kutekelezwa Nairobi mwaka 2021 na baadaye kufika Mombasa na kwingineko, inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Mdai anaruhusiwa kujitetea mwenyewe, na rufaa ni kwa hoja za kisheria tu. Hakuna msuluhishi wa kulipwa atakayeshindana na hilo kwa bei.

Mrima: mgogoro uleule, mbele ya majaji na mbele ya wasuluhishi

Kwale ina mfano mmoja mkubwa ambao ulipita njia zote mbili. Kilima cha Mrima, katika eneo la Lunga Lunga, ni msitu wa hifadhi na kaya takatifu ya Wadigo, na chini yake kuna niobiamu na madini adimu. Machi 2013, siku zile zile za uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji. Agosti mwaka huo, Najib Balala, aliyekuwa waziri mpya wa madini, aliifuta pamoja na leseni nyingine zilizotolewa kipindi cha mpito.

Cortec ilienda mahakamani nchini na kushindwa mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikaikatalia mwaka 2017. Wakati huo huo kampuni hiyo na wenye hisa wake wa Uingereza walikuwa wamefungua shauri ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa uwekezaji chenye makao Washington, wakitumia mkataba wa uwekezaji kati ya Kenya na Uingereza. Walidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo liliamua kwamba leseni haikuwa halali tangu mwanzo, hasa kwa kuwa masharti ya sheria za mazingira na hifadhi hayakutimizwa, kwa hiyo hapakuwa na uwekezaji wa kulindwa. Walalamishi waliamriwa kulipa nusu ya gharama za Kenya, zaidi ya dola milioni 3. Ombi la kubatilisha uamuzi huo lilikataliwa Machi 2021.

Lazima ikumbukwe kwamba leseni si mkataba wa fundi na mwenye nyumba, na usuluhishi wa ICSID una kanuni zake. Lakini shauri hili linafuta imani mbili zilizozoeleka. Moja, kwamba wasuluhishi wa kigeni humpa mwekezaji anachotaka: majaji wa Kenya na jopo la Washington walisoma sheria zile zile na kufika karibu mahali pamoja. Pili, kwamba kuchagua jukwaa zuri kunaweza kufunika karatasi mbovu. Makampuni ya kigeni yameanza kukiulizia kilima hicho tena, na anayekwenda kusaini chochote juu ya Mrima angefanya vyema kutumia fedha za wakili kwenye idhini ya mazingira kabla ya kubishana kama msuluhishi aketi London au Nairobi.

Mahali ambapo hakuna hiari

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kudhani kwamba uchaguzi upo kila mahali. Haupo. Mfano ulio karibu ni wa maduka na mikahawa ya Ukunda. Upangaji wa biashara usio na maandishi, au ulioandikwa kwa miaka 5 au pungufu, au unaoweza kukatishwa kabla ya muda kwa sababu nyingine isiyo uvunjaji wa masharti, kwa kawaida huangukia sheria maalumu ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mwenye nyumba hawezi kumwondoa mpangaji wa aina hiyo wala kupandisha kodi bila kufuata utaratibu wa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, hata mkataba ukisema vingine.

Ardhi nayo. Mgogoro juu ya bei ya kiwanja kati ya muuzaji na mnunuzi unaweza kwenda kwa msuluhishi. Lakini akijitokeza mtu wa tatu na hati yake, au ikadaiwa kwamba hati miliki ilipatikana kwa ulaghai, msuluhishi hana uwezo wa kumwamuru msajili aifute. Hiyo ni kazi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Kwale. Shamba likiwa la kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ni lazima, na bila hiyo mauzo ni batili. Historia ya viwanja vya ufuoni, ambavyo vimeuzwa na kugawanywa mara nyingi huku wenyeji wakiishi juu yake, inafanya mtu wa tatu kuwa jambo la kutarajiwa.

Kuna pia wazee wa mtaa, chifu na wazee wa kaya. Hawa wamemaliza magomvi mengi ya mipaka na madeni madogo, na Katiba inatambua njia za kijadi. Tatizo ni saa. Vikao mbele ya chifu havisimamishi muda wa kufungua kesi, na mdai mwenye subira anaweza kuamka siku moja akute miaka 6 imekatika huku bado anaahidiwa.

Na anayeidai serikali ya kaunti asitegemee tofauti kubwa. Awe na hukumu au uamuzi wa msuluhishi, kwa kawaida hawezi kutuma dalali akamate magari ya umma. Atahitaji cheti cha amri, kisha amri ya kumlazimisha afisa mhusika kulipa.

Kupima

Kwa maoni yangu, maswali ya kasi na gharama yamepewa nafasi kubwa mno, kwa sababu hayajibiki kabla ya kumjua mpinzani. Yapo yanayojibika siku ya kusaini. Nani wote watahitaji kufungwa na uamuzi? Mali ya kukamatwa iko wapi? Kiasi kinachobishaniwa kinaweza kubeba ada ya msuluhishi?

Yakijibiwa kwa ukweli, eneo la usuluhishi Kwale linabaki dogo kuliko mikataba inavyoonyesha: ujenzi mkubwa wenye masuala ya kiufundi, uendeshaji wa hoteli kati ya makampuni, na mikataba ambayo upande mmoja una fedha zake Ulaya. Hata hapa kuna ubishi. Mjerumani mwenye nyumba Diani ana mali isiyohama. Mkandarasi anayemdai anaweza kuikamata nyumba kwa hukumu ya Kwale bila kujua Mkataba wa New York ni nini. Anayeuhitaji mkataba huo zaidi ni anayeidai kampuni ya watalii iliyopokea malipo Ulaya na kuacha deni la vyumba hapa.

Kwa madai ya chini ya milioni 1, kifungu cha usuluhishi ni mzigo, na mkandarasi mdogo anayekinakili kutoka mkataba wa mtu mwingine anajifungia nje ya mahakama iliyo nafuu kwake. Na mahali ardhi ndiyo kiini cha ugomvi, mahakama haikwepeki, hata ikibidi kusubiri.

Kwa wanaobaki na sababu ya kuchagua usuluhishi, kazi iliyosalia ni ya kalamu. Kifungu kinachosema mgogoro "utaamuliwa na msuluhishi au mahakama" huzaa kesi ya kwanza juu ya kifungu chenyewe. Kinachotaja chama cha uteuzi kisichokuwepo huzaa ya pili. Kiandikwe nani atateua, msuluhishi awe mmoja au watatu, kikao kiwe wapi, kwa lugha gani, na mafundi wadogo na wauzaji wakuu wasainishwe kifungu hicho hicho ili waweze kuunganishwa. Idadi ya wasuluhishi iandikwe kwa uangalifu kuliko yote, maana watatu ni ada tatu, na kwa mkataba wa nyumba moja ya ghorofa Diani, mmoja anatosha.